Simiti iliyokauka kwenye mawe ya baraza na uani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Baraza letu la nyuma limetandikwa mawe ya Mazeras, yale mawe bapa ya mchanga ya pwani ya Kenya, na tulipokuwa tunapiga plasta ukuta wa uani fundi alikoroga simiti palepale juu ya mawe bila kutandika chochote. Ikakauka. Akaja mwingine kusaidia, akamwaga asidi kavu kavu, simiti ikatoka kweli lakini jiwe likageuka rangi ya kutu, duara kubwa kama sinia la pilau, na mpaka leo lipo, mama akikaa hapo jioni lazima aliangalie. Tangu hapo nimesafisha mawe yetu mengine, nimesafisha ya majirani, na watu wananiuliza mambo yaleyale kila mara kwa hiyo nimeona niyaweke yote hapa pamoja. Soma yote kabla hujanunua chupa yoyote dukani, tafadhali.

Simiti imeshakauka wiki nzima, inatoka kweli au nisijisumbue?

Inatoka, karibu kila mara. Tofauti ni jasho. Simiti huanza kukamata ndani ya saa moja hivi au zaidi kidogo, kesho yake ni ngumu lakini bado inakwaruzika, halafu inaendelea kukaza taratibu, ndo maana wahandisi huipima nguvu ikiwa na siku 28. Ukiwahi wiki ya kwanza una bahati. Ikishapita miezi bado inatoka ila utafanya kwa awamu, usitegemee asubuhi moja.

Kitu ambacho kinakusaidia ni kwamba simiti iliyodondoka juu ya jiwe kavu lenye vumbi haishiki vizuri kama ile iliyopakwa makusudi kwenye jiwe lililoloweshwa. Mabonge mengi yameegemea tu hapo juu, ukiyagonga kwa ubavu yanaruka yenyewe. Kinachosumbua watu ni ule utando mwembamba wa kijivu unaobaki, ule wa maji ya simiti, manake umeingia ndani ya vitundu vya jiwe.

Kwa nini kila mtu anaambiwa ajue jiwe lake kwanza? Jiwe si jiwe tu?

Hapana, na hapa ndipo baraza za watu zinapoharibikia. Simiti ikishakauka ina chokaa ndani yake, na asidi inafanya kazi kwa kuila hiyo chokaa. Sasa kuna mawe ambayo yenyewe ni chokaa mwanzo mwisho, mawe ya matumbawe ya pwani yetu, mawe ya chokaa ya Tanga, na marumaru ya kweli. Ukimwagia asidi haitachagua, haijui hii ni simiti hili ni jiwe, itakula vyote viwili na pengine jiwe litaliwa haraka kuliko simiti.

Ninaposema marumaru namaanisha lile jiwe lenyewe linalochimbwa, kama la Morogoro. Tanzania watu wengi wanaita vigae vya dukani marumaru, hivyo ni udongo uliochomwa, habari yake ni nyingine kabisa.

Kipimo ni rahisi. Tafuta kipande kilichovunjika au kona iliyojificha, osha, acha ikauke, kwaruza kidogo kwa msumari upate unga, halafu dondoshea matone mawili ya siki au ndimu na uinamishe sikio karibu. Ikitoa vipovu na kusikika kama soda inayofunguliwa, jiwe lako lina chokaa, asidi ya aina yoyote ni marufuku. Ikitulia kimya basi ni jiwe la mchanga, graniti, au jiwe la volkano, na una nafasi zaidi. Hakikisha tu unapopimia hapana simiti, maana simiti nayo itatoa vipovu ikudanganye.

Mawe ya Mazeras na Galana yako kundi gani?

Yote mawili ni mawe ya mchanga, yaani punje za mchanga zilizoshikana miaka na miaka. Galana ni gumu zaidi na limebana, Mazeras linanyonya maji zaidi na lina matabaka, ndo maana linapasuliwa vipande bapa vizuri vile. Lakini ile rangi ya kahawia, ya waridi na ya manjano inayotufanya tuyapende inatokana na madini ya chuma yaliyo ndani. Asidi kali ikikutana na kile chuma inakiyeyusha na kukipandisha juu, jiwe likikauka unapata kutu. Ndicho kilichotupata sisi. Kwa hiyo hata kama Mazeras lako halitoi vipovu usishangilie mapema.

Nitajuaje kama ni simiti au ni chumvi tu imepanda?

Swali zuri na watu wengi hawalifikirii, wanakimbilia asidi kwa kitu ambacho ufagio ungemaliza. Chumvi ni unga mweupe, laini, unafutika kwa kidole, ukilowesha unapotea na ukikauka unarudi, na mara nyingi umefuata viungo kati ya mawe. Simiti ni ya kijivu, ukipitisha kucha unahisi ukoko, na ina umbo la kudondoka au la kuburuzwa.

Chumvi unaifagia ikiwa kavu kwa brashi ngumu na kuitupa mbali, usiioshe kwanza manake maji yanairudisha ndani. Huku pwani tunaongeza tatizo wenyewe kwa kuosha na maji ya kisima yenye magadi au chumvi na kwa kutumia mchanga wa baharini. Kama unaweza, suuza ya mwisho iwe na maji matamu, ya bomba au ya mvua.

Haya, nianze na nini?

Anza na mikono. Najua unataka dawa, lakini kwa uzoefu wangu sehemu kubwa ya kazi inaisha bila tone la dawa.

Mabonge uyashughulikie yakiwa makavu. Chukua tindo bapa lenye mdomo mpana na nyundo ndogo, lilaze tindo karibu kabisa na jiwe, kama unataka kuteleza chini ya bonge, halafu gonga kidogo kidogo kwa ubavu. Usigonge kutoka juu kwenda chini, ukifanya hivyo nguvu yote inaingia kwenye jiwe na Mazeras litamenyeka tabaka zima kama kitunguu. Bonge likikataa upande mmoja zunguka upande mwingine. Kama jiwe lako limesuguliwa likang'aa acha tindo la chuma, tumia kikwaruzo cha plastiki ngumu au kipande cha mbao ngumu uliyoichonga ncha.

Baada ya mabonge kuna ukoko. Hapa nina mbinu ambayo naipenda kuliko zote na haina gharama: tafuta kipande cha jiwe lilelile lililobaki wakati wa kutandika, mwaga maji, nyunyiza mchanga laini kidogo, halafu sugua ukoko kwa hilo jiwe kwa mzunguko. Jiwe kwa jiwe mwenzake. Simiti inasagika, na pale utakapokuwa umelisugua jiwe lenyewe kidogo rangi inafanana kwa sababu ni ndugu moja. Kama huna kipande, jiwe la kunolea visu lile lenye chembe kubwa linafanya kazi, ila lijaribu kwanza pembeni. Mbinu hii ni ya mawe ambayo uso wake si wa kung'aa, kwenye graniti iliyosuguliwa kama kioo utaacha mikwaruzo.

Halafu brashi ya nailoni ngumu na maji ya moto yenye sabuni. Brashi ya waya usiguse kabisa, nyuzi zake zinakatika zinabaki kwenye vitundu vya jiwe na mvua ikinyesha zinaoza zote, wiki ya pili baraza imejaa nukta za kutu.

Suuza, acha ikauke siku moja au mbili, ndipo uangalie. Jiwe likiwa limelowa utando hauonekani, watu wanafurahi jioni halafu asubuhi wanadhani simiti imeota upya.

Imebaki utando tu, sasa naweza kutumia asidi?

Kama jiwe lako halikutoa vipovu, ndio, kwa adabu.

Ya kwanza ambayo mimi ningeshika kwa mawe ya mchanga ni dawa za kuondoa simiti zenye asidi ya fosfori au asidi ya salfamiki. Soma lebo kwa nyuma, imeandikwa. Salfamiki mara nyingi huuzwa kama unga mweupe, gramu 50 mpaka 100 kwa lita moja ya maji inatosha, anza na kidogo. Hizi ni polepole, na kwenye jiwe lenye chuma hatari yake ya kutu ni ndogo kuliko ile kali.

Ile kali ni asidi ya haidrokloriki, hiyo ndiyo fundi anakuja nayo kwenye chupa ya soda bila lebo anaita asidi tu. Dukani huwa ina nguvu ya asilimia 30 hivi. Kwa graniti na jiwe jeusi la volkano unaweza kuitumia ukiichanganya sehemu 1 ya asidi kwa sehemu 10 za maji, na kama utando ni mwembamba weka hata 20 za maji. Kwa Mazeras mimi siitumii tena, hata ukinihakikishia vipi.

Nielekeze hatua kwa hatua, sijawahi kushika asidi maishani.

Vaa glavu za raba ndefu, miwani ya kufunika macho pande zote, viatu vya raba, nguo ya mikono mirefu. Iwe asubuhi mapema au jioni, jua la saa saba linakausha dawa kabla haijafanya kazi na ikikaukia juu ya jiwe imeacha alama yake. Simama upepo ukiwa mgongoni kwako. Watoto, paka na kuku wawe ndani au kwa jirani.

Weka maji kwenye ndoo ya plastiki kwanza, halafu ndio umimine asidi taratibu ndani ya maji. Usigeuze huo mpangilio hata siku moja, maji yakimiminwa juu ya asidi yanachemka yanakurukia usoni.

Pima pembeni kwanza, eneo la kiganja, suuza, subiri mpaka kesho. Kesho, nimesema, si baada ya dakika kumi, manake kutu inajitokeza jiwe likikauka. Duara letu la baraza lilikuwa zuri kabisa siku ile ya kwanza.

Pima ikikubali, lowesha mawe yote unayotaka kusafisha, yanywe maji yashibe. Jiwe lililoshiba maji halina nafasi ya kunywa asidi, dawa inabaki juu ambako simiti ipo. Hii hatua ndo mafundi wengi wanairuka. Kisha fanya kama mita moja ya mraba kwa wakati mmoja: paka kwa brashi, utaona vipovu, sugua taratibu, vipovu vikiisha kazi yake imeisha, dakika tano ni nyingi. Suuza kwa maji mengi. Kama bado kuna utando rudia, ni bora mara tatu kwa dawa nyepesi kuliko mara moja kwa dawa kali.

Mwisho yeyusha magadi kwenye ndoo ya maji, yale yale ya kuivishia maharage, au baking soda kama unayo, mwagia eneo lote. Ikitoa vipovu ujue asidi ilikuwa bado ipo, rudia mpaka inyamaze, halafu suuza tena vizuri sana kwa maji matamu ili magadi yenyewe yasikuachie unga mweupe.

Ikikumwagikia mwilini au machoni, maji yanayotiririka, mengi, angalau dakika 20, kisha hospitali. Usipake mafuta wala dawa ya meno.

Jiwe langu lilitoa vipovu. Nifanye nini basi?

Utabaki na mikono na subira, na nakuhakikishia inawezekana. Kwa matumbawe tumia mbao ngumu na kikwaruzo cha plastiki, jiwe hili ni laini na lina mashimo mashimo na simiti ina nguvu kulishinda, ukilazimisha bonge linang'oka na uso wa jiwe limeukumbatia. Lipunguze kwa kulisaga kutoka juu, lisage na jiwe la kunolea lenye maji mpaka libaki nyembamba, halafu sugua lile la mwisho kwa kipande cha tumbawe lenyewe. Simiti iliyoingia ndani ya yale mashimo, ichokoe kwa mswaki mkuukuu na kijiti cha mwanzi. Ni kazi ya kukaa chini na redio pembeni. Jirani yangu alimaliza baraza lake la mita sita kwa jioni nne, na ukiliangalia leo huwezi kujua kulitokea nini.

Marumaru iliyong'arishwa ikiwa na utando mwingi, mimi ningemwita mtu mwenye mashine ya kung'arisha, asidi hata ya ndimu inaua ule mng'ao papo hapo.

Siki, ndimu, ukwaju, soda nyeusi?

Zote ni asidi, dhaifu. Siki ya dukani ni kama asilimia 5, kwenye utando mwembamba inasaidia ukiiacha imelowesha kitambaa juu ya doa nusu saa na kurudia mara kadhaa. Ndimu ni hivyohivyo. Ukwaju unang'arisha shaba vizuri sana, kila nyumba ya pwani inajua hilo, lakini juu ya jiwe linalonyonya utaacha rangi ya kahawia, sipendekezi. Soda ina asidi ya fosfori kidogo sana na sukari nyingi sana, utakachopata ni sisimizi.

Na tafadhali tusidanganyane kwamba kitu cha jikoni hakina madhara. Siki kwenye tumbawe au marumaru ni asidi kama asidi nyingine, inakula polepole tu.

Nimesikia sukari inayeyusha simiti.

Sukari inachelewesha simiti kukamata, hilo ni kweli kabisa, hata sukari kidogo kwenye zege inaweza kuharibu mpangilio wote wa kukaza. Kwa hiyo kama simiti imemwagika sasa hivi na huna mtu wa kukusaidia kuiosha, mwagia maji yenye sukari nyingi, itakupa muda. Ikishakauka usipoteze sukari yako, chai ni bora.

Vipi dawa ya choo, maji ya betri au jiki?

Dawa nyingi za choo zina asidi ya haidrokloriki ndani, pamoja na rangi ya buluu na manukato na kitu cha kuifanya iwe nzito ishikilie sinki. Itakula simiti, lakini rangi inaweza kuingia kwenye jiwe na ule uzito hausuuziki kirahisi. Ukishindwa kabisa ipo, ila sheria zile zile za asidi zinahusu.

Maji ya betri hapana. Ile ni asidi ya salfuri, ikikutana na chokaa ya simiti inatengeneza jasi, kitu cheupe kisichoyeyuka vizuri kwa maji, yani umeondoa doa moja umepaka jingine. Na inaunguza mtu vibaya mno.

Jiki haiondoi simiti hata kidogo. Na jiki ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini, gesi ya sumu, hii si ya kutishana. Watu wanaosha baraza kwa jiki kutoa ukungu wa kijani halafu dakika hiyohiyo wanaleta asidi kutoa simiti. Usifanye. Chagua moja, suuza, na nyingine iwe siku nyingine.

Dizeli? Tina ya rangi?

Hapana. Haziyeyushi simiti, na jiwe litazinywa. Doa la mafuta kwenye jiwe la mchanga ni gumu kuliko simiti uliyoanza nayo.

Mashine ya kuosha kwa presha itatoa?

Ukoko uliokwisha legea itautoa, simiti iliyoshika vizuri haiigusi. Tumia mdomo mpana, si ule wa maji ya sindano, kaa sentimita 30 kutoka kwenye jiwe na usisimame pahali pamoja. Kwenye Mazeras maji makali yanaingia kati ya matabaka na kuyafungua, na kwenye viungo yanachimba mchanga wote, mwezi ujao mawe yanacheza ukiyakanyaga. Mimi naitumia kusuuzia tu.

Fundi anataka kuleta grainda.

Kwa graniti yenye uso wa kukwaruza, fundi anayejua mkono wake anaweza kupunguza bonge kubwa. Kwa yale mengine utaona nusu duara za diski mpaka wajukuu wako. Akiileta, iwe kwa maji, na avae barakoa nzuri, vumbi la simiti na mawe ya mchanga likiruka hewani lina silika na silika haitoki kwenye mapafu ya mtu. Kibarua anayefagia pembeni yake pia apewe barakoa, si fundi peke yake.

Nimechelewa, tayari nimemwaga asidi na jiwe limekuwa la manjano kama kutu.

Pole, najua unavyojisikia. Kwanza hakikisha asidi imetulizwa kwa magadi na kusuuzwa, kama bado imo ndani itaendelea kuvuta chuma. Acha ikauke kabisa wiki moja. Kuna kutu inayokaa juu tu, hiyo inasuguliwa kwa jiwe kwa jiwe kama nilivyoeleza.

Iliyoingia ndani, dawa yake ni ya kubandika. Unachanganya asidi ya oksaliki, ile iliyo kwenye dawa za kutoa kutu, na maji kama lebo inavyosema, unalowesha karatasi za tishu nyeupe au pamba, unazitandaza juu ya doa unene wa kidole, unafunika na plastiki na kubana pembeni na mkanda, unaacha mpaka kesho. Halafu unafungua ikauke, jiwe linasukuma doa kwenda kwenye karatasi. Rudia. Oksaliki ni sumu ikimezwa kwa hiyo usiifanye pahali mtoto anatambaa, na si ya mawe yenye chokaa. Duara letu limepungua labda nusu kwa njia hii, nusu nyingine imegoma.

Kama ni jiwe la Kisii, au jiwe jeusi la Arusha, au yale mawe ya Nairobi ya kijivu?

Jiwe la Kisii ni laini, kucha ngumu inaliacha alama, kwa hiyo mbao na plastiki tu na usiwe na haraka. Jiwe jeusi la volkano la kule Arusha na Moshi ni gumu na linavumilia, tatizo lake ni vile vitundu vinavyoficha simiti, brashi ndogo ndo rafiki yako hapo. Mawe ya Nairobi ya machimbo kama ya Ndarugu ni jivu la volkano lililoshikana, linanyonya sana, lowesha mara mbili ya unavyodhani inatosha kabla ya dawa yoyote.

Nyumba yetu ni ya zamani, iko Lamu.

Basi usiguse kwanza. Mji wa kale wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001 na Mji Mkongwe wa Zanzibar tangu 2000, na nyumba zile zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, si simiti. Kwa Lamu ongea na ofisi ya Makumbusho ya Taifa, kwa Zanzibar na mamlaka ya Mji Mkongwe, kuna watu huko waliofundishwa kazi ya chokaa. Na kama ni simiti iliyopakwa makusudi kwenye viungo vya baraza la zamani, hiyo nayo waoneshe, manake simiti inafunga unyevu ndani na tumbawe linaanza kumomonyoka kuzunguka kiraka chenyewe.

Maji ya asidi niyaelekeze wapi?

Usiyaache yaende kwenye mimea, kisimani wala kwa jirani. Ziba njia kwa mchanga, yatulize na magadi mpaka yasitoe vipovu, halafu yasuuze kwa maji mengi kuelekea kwenye mfereji. Mvuke wa asidi pia unaozesha vyuma, funika geti na grili zilizo karibu, na gari lihamishwe. Rafiki yangu mmoja alisafisha sakafu akiacha sanduku la zana wazi pembeni, wiki ileile spana zote zilikuwa nyekundu.

Si niliache tu, litaisha lenyewe?

Utando mwembamba mahali panapokanyagwa kila siku na kunyeshewa, ukipita masika na vuli kadhaa unafifia mno. Kama ni jiwe laini na doa ni dogo, sioni aibu kuliacha. Mabonge hayaondoki yenyewe.

Nani alipe, mimi au fundi?

Kama hamkuongea mwanzo mtagombana tu. Siku hizi mimi nasema kabla ya kazi, mbele ya fundi na vibarua wake wote: mawe haya yafunikwe, kikidondoka kitu kifutwe papo hapo, na sehemu ya malipo ya mwisho itatoka baraza ikiwa kavu na safi. Nasema kwa heshima na naleta chai. Hakuna fundi aliyewahi kukasirika, wengi wanasema hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba asidi inaharibu mawe.

Niyafunike na nini?

Turubai au plastiki nene, na juu yake mbao nyembamba pale wanapopita na toroli. Mifuko mitupu ya simiti haifai, ina vumbi la simiti ndani na maji yanapenya. Unga wa mbao nao usitandaze, ukilowa unatoa rangi ya kahawia inaingia kwenye jiwe. Simiti ikorogwe kwenye karai au juu ya bati, na iwekwe ndoo ya maji na sponji kubwa, mtu mmoja awe na kazi hiyo tu. Simiti mbichi inafutika kwa dakika moja, ila avae glavu maana hata hiyo mbichi inaunguza ngozi ikikaa.

Nipake sila, ile dawa ya kuziba jiwe lisinyonye, kabla ya ujenzi?

Ukiweza, ndio, aina ile inayoingia ndani ya jiwe na kuliacha lipumue, si ile inayong'aa juu kama varnishi, hiyo huku pwani unyevu unaibambua. Jiwe liwe kavu kabisa, bila mvua siku kadhaa. Ukitaka kujua kama jiwe tayari lina sila, dondoshea maji: yakisimama kama shanga ipo, yakinyonywa na kuacha doa jeusi haipo. Ila sila haizuii simiti kudondoka, inafanya iwe rahisi kuibandua tu, turubai bado linahitajika.

Jiwe moja limeharibika kabisa, nibadilishe?

Kama limelazwa juu ya mchanga, linyanyue kwa mtaimbo na ulipeleke kwenye kona isiyoonekana, lete la huko lije hapo. Ni bora kuliko kununua jipya, kwa sababu jipya hata likitoka machimbo yaleyale halitafanana rangi na yaliyokwisha pigwa jua miaka kumi. Kama limelazwa juu ya zege itabidi livunjwe kuanzia katikati kuelekea pembeni ili majirani zake yasidhurike. Duara letu la kutu limechukua mawe matatu na yote yako juu ya zege, mama amesema yaachwe, ataweka mkeka.